Ngumi Moja Kutoka Kwenye Usukani

Mwalimu alikuwa akimenya viazi simu ilipolia. Mikono yake ilikuwa imelowa, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Ikalia tena. Watu wanaomfahamu hawapigi mara mbili, maana wanajua kwamba akishika jambo moja hashiki la pili, tabia aliyoitoa barabarani na kuileta mpaka jikoni. Akajifuta mikono kwenye suruali, kitu ambacho marehemu mke wake asingekiacha kipite bila neno, akapokea.

"Shikamoo, Mzee. Mimi ni nesi, nafanya kazi na binti yako. Usishtuke, yuko mzima."

Mtu akikuambia usishtuke, utafanya nini kama si kushtuka? Mwalimu alikaa kwenye kigoda akasikiliza. Binti yake, ambaye ni mkunga, alikuwa njiani kwenda zamu ya asubuhi. Foleni ilikuwa imefunguka kidogo, magari yanatembea, mara lori lililokuwa mbele yake likasimama ghafla, naye akaligonga kwa nyuma. Haukuwa mwendo wa kutisha, nesi alisema. Gari lenyewe limebonyea tu. Lakini yeye ameumia mkono, na jicho.

"Jicho limefanya nini?"

"Daktari atakueleza, Mzee. Wewe njoo."

Alichukua teksi. Dereva alikuwa amejilaza nyuma ya usukani kama mtu anayenyolewa ndevu, kiti kimesukumwa nyuma, mikono iko chini. Siku nyingine Mwalimu angemtolea somo mpaka mwisho wa safari. Siku hiyo alijikaza. Akatazama nje, akamlaani dereva wa lori, akamlaani aliyetengeneza gari la binti yake, kisha akaanza kumwomba Mungu kabla hajamaliza kulaani.

Kabla hatujafika hospitali, ni haki umjue huyu mzee. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha watu kuendesha gari, na nusu ya madereva wa mji ule walipitia mikononi mwake. Mbele yake walimwita Mwalimu. Nyuma yake walimwita Ngumi Moja, naye alilijua jina hilo na lilimpendeza, ingawa alijifanya kiziwi. Lilitokana na somo lake la kwanza, ambalo halikubadilika hata siku moja. Kabla mwanafunzi hajagusa ufunguo, alitakiwa asogeze kiti mbele, akunje ngumi, na kuiweka kati ya kifua chake na usukani. Ngumi iingie, nafasi isibaki. Kisha mkono wa kushoto uende saa nne, wa kulia saa nane, na vidole gumba vijifunge kwa ndani.

"Usukani haushikwi kwa mbali kama sufuria ya moto," alikuwa akisema. "Ukumbatie. Ukiuogopa, utakupeleka mtaroni."

Na lazima nimtetee, maana kwa gari alilofundishia, maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Lilikuwa gari la zamani la rangi ya maziwa, bovu kila mahali isipokuwa injini, na usukani wake ulikuwa mzito kiasi kwamba kukata kona ilibidi utumie mabega, mgongo, na ikiwezekana maombi. Msichana mwembamba aliyekaa mbali hakuweza kuligeuza. Mwalimu mwenyewe alifundishwa ngumi moja na mwalimu wake, kwenye gari zito kuliko hilo, na hakuona sababu ya kubadili kitu kilichomfikisha salama. Hakuwahi kupata ajali, hata ya kugusa ndoo. Mtu mwenye historia kama hiyo, nani atamfungulia mdomo?

Uwanja wa mafunzo ulikuwa nyuma ya ghala kuukuu, una mapipa kumi na mawili yaliyopakwa chokaa na mistari iliyochorwa upya kila Jumatatu. Saa kumi alasiri mke wake alikuwa akija na chupa ya chai, akikalia pipa lililolala, anawatazama wanafunzi wakigonga mapipa yaliyobaki na kucheka mpaka anashika mbavu. Siku hizi pale pana maduka. Mwalimu akipita bado anajua pipa la tatu lilisimama wapi, ni pale penye mlango wa duka la viatu, na mara nyingine hupunguza mwendo kwa mazoea akiwa anatembea kwa miguu.

Binti yake alijifunza hapo akiwa na miaka kumi na tisa. Mama mtu alikaa kiti cha nyuma na mto mapajani, kwa tahadhari, akitoa amri ambazo hakuna aliyemwomba. "Mfundishe, usimfokee." "Simfokei, nampazia sauti." "Na hiyo ndiyo tofauti gani?" Yule msichana alikuwa mfupi, miguu haifiki vizuri, na katika wanafunzi wote ndiye pekee ambaye ngumi moja ilimkaa bila kulalamika. Mwalimu hakumwambia kwamba alikuwa hodari kuliko wote. Alimwambia mkewe, jioni, na mkewe akaenda kumwambia.

Basi alipofika wodini alimkuta huyohuyo binti, sasa ana miaka arobaini na moja, ameegemezwa kwa mito mitatu, jicho la kulia limefunikwa kwa kikombe cha plastiki kilichobandikwa utepe. Mkono wa kulia ulikuwa na plasta ngumu kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Wa kushoto ulikuwa umechubuka upande wa ndani, mwekundu kama umemwagikiwa maji ya moto. Kwenye nywele zake kulikuwa na unga mweupe ambao hakuna aliyekuwa amepata muda wa kuupangusa.

"Shikamoo, Baba. Umekuja na maganda ya viazi kwenye suruali."

"Marahaba. Nani amekufanya hivi?"

"Puto."

"Puto gani, mwanangu? Wamekupa dawa gani hawa?"

"Mfuko wa hewa, Baba. Ule unaotoka kwenye usukani ukigonga. Ndio umenigonga mimi."

Daktari wa macho aliingia wakiwa wanazungumza hayo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka, anaandika huku anasema. Damu ilikuwa imevuja ndani ya jicho, mbele ya mboni. Kwa siku tano mgonjwa asilale chali, asiiname, asinyanyue kitu, asikohoe kwa nguvu kama anaweza. Damu ikitulia na kunyonywa yenyewe, ataona. Ikivuja mara ya pili, na ikiamua kuvuja huvuja ndani ya siku hizohizo tano, hapo hakuweza kuahidi kitu.

"Mimi ni mkunga," binti alisema. "Nashona watu."

"Najua. Wangu wa pili ulimpokea wewe." Daktari akageuza karatasi. "Nahitaji kujaza hapa. Kutoka kifuani mpaka kwenye usukani, huwa unakaa umbali gani?"

Binti akajibu, "Ngumi moja."

Kalamu ikasimama. "Ngumi? Jamani. Inatakiwa angalau shibiri na vidole viwili. Mfuko ule unatoka kabla hujapepesa macho. Ukiwa mbali unakupokea. Ukiwa karibu, unakukuta wakati bado una nguvu zake zote. Na mikono ilikuwa juu?"

"Saa nne na saa nane."

"Ndiyo hivyo. Mfuko ukaurusha mkono wako mwenyewe usoni. Mfupa wa kiganja ndio uliopiga jicho." Akaandika. "Watu wangeshika saa tatu na saa tisa tungekuwa na kazi kidogo. Nani alikufundisha kukaa hivyo?"

Mwalimu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Maisha yake yote, swali la nani alikufundisha lilipoulizwa mahali popote, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, tena kwa kifua mbele. Sasa alitazama magurudumu ya kitanda.

"Nilijifunza zamani," binti akasema, akigeukia ukuta, na daktari akaandika hivyo.

Kesho yake asubuhi alikwenda kuliona gari. Lilikuwa limeburutwa mpaka gereji ya Breki, mwanafunzi wake wa zamani. Jina hilo Mwalimu ndiye aliyempa, miaka ishirini na kitu iliyopita, Breki alipokuwa kijana anayekanyaga breki kila akimwona kuku, hata kuku awe ng'ambo ya uwanja. Sasa ana kitambi na mafundi sita chini yake, na bado humsalimia Mwalimu kwa mikono miwili.

Gari lilikuwa zima la kukasirisha. Bampa limeingia ndani, taa moja imepasuka, basi. Lakini ukifungua mlango, kwenye usukani kulikuwa kumening'inia kitu kama foronya chafu, na dashibodi yote ilikuwa na unga uleule wa kwenye nywele za mwanawe. Ilikuwa bado inanuka baruti. Mwalimu aliinama kwa shida akaangalia chini ya kiti. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mpaka mwisho wa reli yake, tundu la mwisho kabisa.

"Hiki kitu kinajazwa na nini?" akauliza.

"Kuna kilipuzi kidogo ndani, Mwalimu. Kikiwaka, gesi inajaa papo hapo. Si puto la kupuliza na mdomo. Ukiwa umelisogelea, ni kama umemsogelea punda kwa nyuma."

"Kwa hiyo mtu akikaa ngumi moja..."

Breki alianza kutafuta kitambaa cha kufutia mikono, ingawa mikono yake ilikuwa safi.

"Wewe unakaaje?" Mwalimu akamuuliza.

"Mimi?"

"Wewe. Si nimekufundisha mimi?"

"Mwalimu, mimi kiti nilikirudisha nyuma zamani. Miaka tisa sasa. Lililetwa gari hapa, lina mkwaruzo tu, mwenyewe amevunjika mbavu mbili na kidole gumba. Siku ileile nikakirudisha."

"Mwezi uliopita nimekuona barabarani umekaa sawasawa. Nikafurahi."

Breki akatazama viatu vyake. Mtu mzima, ana wajukuu wawili, akawa kama amekamatwa akiibia mtihani. "Nikikuona nasogeza."

"Unasogeza nini?"

"Kiti, Mwalimu. Nikiona ile kofia yako tu pembeni ya barabara, navuta kiti mbele, naweka mikono juu. Ukishapita, narudisha. Sote tunafanya hivyo. Yule mama wa duka la dawa, yule mkuu wa shule, dereva wa gari la wagonjwa. Mama wa duka la dawa alikuja hapa nimtilie grisi kwenye reli ya kiti, eti inakwama, usije ukamkuta kiti kiko katikati."

Ingekuwa siku nyingine Mwalimu angecheka mpaka chozi, maana picha ya yule mama mnene akihangaika na kiti katikati ya barabara ilikuwa ya kuchekesha kweli. Lakini kicheko hakikuja.

"Na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyeona aniambie?"

"Tungekuambiaje? Wewe ndiye uliyetutoa ujinga. Tukuite tukwambie umekosea?"

"Ndiyo! Mniite! Mnitukane hata!"

"Tulikuheshimu, Mwalimu."

"Heshima gani hiyo? Mwanangu amelala kule jicho limejaa damu."

Fundi mmoja aliyekuwa akigonga bati upande wa pili aliacha kugonga. Mwalimu aliona aibu kwa kupaza sauti kwenye gereji ya mtu, akaomba radhi, akatoka.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa akiwatazama madereva. Alikuwa ameishi kwa furaha moja ndogo tangu astaafu: kukaa barazani na kuwatambua wanafunzi wake kwa jinsi walivyokaa, yule wangu, na yule wangu. Alikuwa amewahesabu mamia. Kumbe alikuwa akiangalia maigizo. Katika mji mzima, aliyekuwa anakaa kama alivyofundishwa, Mwalimu awepo asiwepo, alikuwa mtu mmoja tu, naye yuko wodini kwenye mito mitatu. Hilo lilimuuma kuliko kitu chochote kilichompata tangu alipomzika mkewe, na hakuwa na mtu wa kumwambia jioni.

Siku zile tano alizipitisha kwenye kiti cha mbao kando ya kitanda. Kila asubuhi aliondoka nyumbani akiwa ameyapanga maneno: mwanangu, ni mimi. Na kila akifika, akikiona kile kikombe cha plastiki, maneno yaliingia mitini. Alijidanganya kwamba daktari amekataza mgonjwa asihuzunishwe. Badala yake alizungumza habari za zamani, na hizo hazikuwa na mwisho.

"Unakumbuka siku ulipogonga pipa la mama yako?" alimuuliza siku ya tatu.

"Akiwa amelikalia!"

"Alikuwa ameshaondoka. Usitie chumvi."

"Baba, alikuwa amelikalia. Aliruka na chupa ya chai mkononi na hakumwaga hata tone. Halafu akaja dirishani akasema, sasa umejua kuendesha."

Mwalimu alikuwa amelisahau hilo. Akaliona tena kama lilivyokuwa: vumbi, mkewe amevaa gauni la maua ya njano, chupa imekumbatiwa kifuani kama mtoto. Binti alianza kucheka, naye akamnyooshea kidole haraka, usicheke, usicheke, jicho! Wakakaa wote wawili wamebana midomo, mabega yanatikisika. Kwenye kitanda cha jirani bibi mmoja aliyekuwa amepasuliwa mtoto wa jicho akauliza kuna nini, hakuna aliyeweza kumjibu.

Usiku wa nne hakupata usingizi. Asubuhi ya tano alifika kabla mlango wa wodi haujafunguliwa.

Daktari alibandua utepe polepole, akaondoa kikombe, akamulika kwa tochi ndogo. Binti alifumba jicho kwa uchungu wa mwanga, akalifumbua. Daktari akasogea nyuma hatua mbili, akainua mkono.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Na hivi?"

"Viwili. Kimoja kina pete."

Mwalimu alishika chuma cha kitanda. Daktari alieleza mengine, kwamba mboni haitajifunga tena vizuri kama zamani, jua litamsumbua, miwani myeusi haitamtoka maisha yake yote, na kila mwaka aje apimwe presha ya jicho. Plasta mkononi wiki sita. Kazini baada ya miezi miwili au mitatu. Lakini anaona, ataendelea kuona. Mwalimu alisikia hilo la mwisho tu.

Breki alikuwa ameleta gari la gereji mpaka nje ya hospitali, akakabidhi ufunguo kwa mikono miwili, akaondoka kwa miguu kabla hajaulizwa kitu. Binti alikaa kiti cha abiria, miwani myeusi usoni, plasta imelala mapajani. Mwalimu alimfungia mkanda kwa sababu mkono wake haukuweza, akazunguka, akaingia upande wake. Akapapasa chini ya kiti, akavuta chuma, akajisukuma nyuma. Akapima kwa shibiri, akaongeza vidole viwili. Akashika saa tatu na saa tisa. Alijisikia kama anaendesha gari akiwa nyumba ya jirani.

"Baba, unafanya nini?"

"Nilichopaswa kufanya zamani." Ufunguo alikuwa ameuchomeka lakini hakuuwasha. "Mwanangu, ni ile ngumi iliyokuumiza. Si lori. Ni mimi. Na daktari alipouliza nani alikufundisha, nilisimama pale nikanyamaza kama mwizi. Nisamehe."

Alidhani atashtuka. Hakushtuka.

"Nilikuwa najua, Baba."

"Umejua lini? Hospitali?"

"Tangu nilipolinunua gari. Imeandikwa kwenye kile kibati cha kuzuia jua, juu ya kichwa. Nilisoma siku ya kwanza, nikarudisha kiti nyuma. Nikaendesha hivyo miezi mitano. Nilikuwa nikimpeleka Mama kliniki, yeye amekaa hapa nilipo, mimi niko nyuma kule. Alinicheka, akasema baba yako akikuona utakiona."

"Sasa ikawaje ukasogea?"

Binti alichezea uzi uliochomoza kwenye plasta.

"Jumapili ya kwanza baada ya msiba," akasema. "Nilikuja kukuchukua uje kula kwangu. Ukapanda, ukakaa, ukanyamaza. Safari nzima hukusema neno. Tulipofika hukugusa chakula. Na ulikuwa umeshakonda, Baba, suruali unaifunga kwa kamba. Nikajiambia, amestaafu, amefiwa na mke, na sasa mtoto wake mwenyewe hataki hata kukaa kama alivyomfundisha. Kesho yake nikavuta kiti mbele. Jumapili iliyofuata ulikula. Ukaomba na nyongeza. Basi, nikakiacha hapohapo."

"Miaka minne."

"Ulikuwa unapanda kila Jumapili."

Mwalimu aliikumbuka Jumapili hiyo vizuri sana. Hakuhitaji kuitafuta. Na alipoikumbuka, alijua kitu ambacho binti yake hakukijua. Angeweza kukimeza. Angeweza kusema ndiyo, niliona, niliumia, asante mwanangu, na yeye angebaki akiamini kwamba jicho lake na mkono wake viliumia kwa ajili ya kitu. Ingekuwa rahisi, na ingekuwa heshima. Lakini heshima ya namna hiyo alikuwa amekwisha kuona inakofikisha watu.

"Mwanangu," akasema, "siku ile sikukiona kiti chako."

"Hukukiona?"

"Hata usukani sikuuona. Nilifungua mlango, nikakaa, kumbe kiti changu kilikuwa bado kimelazwa vile ulivyokuwa ukimlazia mama yako. Nikajikuta nimelala alipokuwa akilala yeye. Nilitazama paa la gari njia nzima, maana ndilo alilokuwa akilitazama. Hiyo ndiyo iliyoninyima kula. Jumapili iliyofuata nikakuta kimenyanyuliwa."

"Nilikinyanyua nilipokuwa naosha gari," binti akasema taratibu.

Alivua miwani kwa mkono ule uliochubuka, akaanza kujifuta, jicho zima kwanza, kisha lile jingine kwa ncha ya leso, bila kulisugua, kama daktari alivyoagiza. Mwalimu alingoja mpaka akamaliza, kisha akawasha gari.